Blogu ya darasa na mlisho wake: jibu kwa mwalimu wa jiografia wa Katuba

Swali limetoka kwa mwalimu wa Katuba, Lubumbashi: "Ninafundisha jiografia mwaka wa tatu wa humanités (sekondari), wanafunzi 48. Wenye simu ya intaneti ni kama 15. Tuna grupu ya WhatsApp, lakini kazi zinazama humo na kuzipata tena ni shida. Mwaka jana kila mwanafunzi alifungua blogu yake. Nilishindwa kuzisoma, nao wakaacha kuandika. Mwenzangu ananiambia nitumie blogu pamoja na mlisho wa RSS. Mlisho utanisaidia nini, na nianzie wapi, maana mega zinaisha mbio?"

Mwalimu, blogu 48 zenye maneno 300 kila wiki ni maneno 14,400. Hakuna mwalimu mwenye madarasa mengine anayeweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyajibu. Na mwanafunzi akiandika mara mbili bila kusomwa, mara ya tatu anakopi popote ili mradi kazi ionekane. Kwa hiyo kilichovunjika mwaka jana ni usomaji, si uandishi. Kabla ya kuuliza wataandika wapi, uliza nani atasoma, siku gani, na kwa mega za nani. Mlisho, yaani orodha ya machapisho mapya inayokuja yenyewe kwenye simu, unajibu swali hilo, ndiyo sababu nakushauri uupange kabla ya kupanga blogu yenyewe.

Grupu ya WhatsApp usiifunge. Inafaa kwa tangazo: kesho leteni rula, kipindi kimesogezwa. Haifai kwa kazi inayotakiwa kurudiwa, kwa sababu ujumbe hauna kichwa na kila mpya unausukuma ule wa zamani mbali. Chapisho la blogu lina anwani yake, lina tarehe, na maoni yote yamekaa chini yake. Mwezi wa pili unaweza kuliambia kundi fulani: rudini kwenye chapisho lenu la Oktoba, someni mlichotabiri, sasa vipimo vinasema nini? Kurudi huko nyuma ndiko kunakofundisha, na WhatsApp haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa mlisho. Kila blogu, bila wewe kufanya lolote, hutengeneza faili dogo la maandishi lenye machapisho ya karibuni tu: kichwa, tarehe, mwandishi, kiungo na maandishi yenyewe. Mapambo ya ukurasa hayamo. Umbo linaloitwa RSS lilianzia Netscape mwaka 1999, RSS 2.0 ikatoka 2002, na umbo la pili, Atom, likawekwa kuwa kiwango rasmi 2005. Programu za leo zinasoma yote, usihangaike kuchagua. Programu ya kusoma milisho iliyo kwenye simu yako inapita kwenye kila blogu uliyoiandikisha na kuuliza kama kuna kipya tangu mara ya mwisho. Kama hakuna, seva iliyopangwa vizuri inajibu kwa baiti chache na mambo yanaishia hapo. Kama kipo, kinaletwa na kuhifadhiwa, nawe unakisoma baadaye hata mtandao ukiwa umezimwa. Ni kama mtoto anayetumwa dukani akiambiwa asilete tena kile kilichopo nyumbani.

Hesabu ya mega ni hii. Maneno 300 ya Kiswahili ni kilobaiti 2 hivi, na ukiongeza alama za mpangilio yanafika 3 au 4. Ukurasa wa blogu hiyohiyo ukifunguliwa kwenye kivinjari, pamoja na mapambo yake, mara nyingi hupita megabaiti 1. Picha moja kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu ni megabaiti 3 hadi 5, yaani sawa na maandishi ya machapisho 750 au zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya darasa lako iwe: picha moja tu kwa chapisho, upana pikseli 1,000, ubora asilimia 70, nayo itashuka hadi kilobaiti 100 au 150. Kanuni ya pili: chini ya picha pawe na sentensi mbili zinazosema picha inaonyesha nini. Programu nyingi huhifadhi maandishi peke yake. Picha huvutwa pale msomaji anapofungua chapisho, na kama hana mtandao ataona nafasi tupu.

Kwa blogu yenyewe, fungua moja ya darasa zima. Blogger, huduma ya blogu ya Google, inatosha: ni ya bure, haina matangazo usipoyaweka mwenyewe, na milisho yake ina anwani zinazotabirika. WordPress nayo ni nzuri, ila ukiiweka kwenye seva yako utapata kazi ya ufundi usiyoihitaji mwaka wa kwanza. Gawa wanafunzi 48 katika makundi 8 ya watu 6, na uhakikishe kila kundi lina simu moja angalau. Kwa simu 15 hilo linawezekana bila kumlazimisha mzazi yeyote anunue. Kila wiki makundi mawili yanachapisha na sita yanatoa maoni. Baada ya wiki 4 kila kundi limechapisha mara moja. Wewe kwa wiki unasoma machapisho mawili na maoni mafupi, kazi ya nusu saa. Ndani ya kundi zungusha majukumu: mmoja anapima, wawili wanaandika rasimu kwenye daftari, mmoja anahariri, mmoja anapiga chapa, mmoja anasoma maoni ya wengine na kuyapeleka kwa wenzake. Asiye na simu hapewi kazi ya kutazama tu; kupima na kuhariri hakuhitaji simu.

Mipangilio minne irekebishe siku ileile ya kufungua, kwa sababu ndiyo inayoharibu mambo kimyakimya. Ingia Paramètres (mipangilio). Kwanza Fuseau horaire (kanda ya saa): Blogger huanza na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma ya Lubumbashi kwa saa 9 au 10 kulingana na majira yao. Ukipanga chapisho litoke 06:00, litatoka alasiri wanafunzi wakiwa wameshatoka darasani, na muda ulioweka wa kukabidhi kazi utaonekana umekosewa na kila kundi. Weka GMT+2, na angalia usichukue saa ya Kinshasa, ambayo ni GMT+1. Pili, mlisho wa tovuti: chagua maandishi kamili. Ukiacha ufupisho, anayesoma bila mtandao atapata mistari michache na kiungo asichoweza kukifungua. Tatu, maoni: ruhusu mtu yeyote aandike hata asiye na akaunti, kisha weka ukaguzi uwe wa kila mara, ili hakuna oni linaloonekana kabla hujalipitisha. Hapo wanafunzi wote wanaweza kuchangia bila kufungua barua pepe 48. Nne, blogu iwe ya wazi. Wengi huifunga kwa nia njema ya kulinda watoto, halafu wanashangaa mlisho hauji: blogu ya Blogger iliyofungwa haitoi mlisho. Ulinzi wa watoto unafanywa kwa njia nyingine, nitaifikia.

Kila chapisho lipewe lebo, zile zinazoitwa Libellés upande wa kulia wa ukurasa wa kuandikia. Kundi la tatu litumie kundi3, bila nafasi na kwa herufi ndogo daima, maana Kundi3 na kundi3 kwenye anwani ni vitu viwili. Faida yake ni kwamba kila lebo ina mlisho wake. Mlisho wa blogu nzima, wa kundi moja na wa maoni unapatikana hivi, ukiweka jina la blogu yenu mahali pa jina-lenu:

jina-lenu.blogspot.com/feeds/posts/default?max-results=5
jina-lenu.blogspot.com/feeds/posts/default/-/kundi3
jina-lenu.blogspot.com/feeds/comments/default

Ile sehemu ya max-results=5 usiiache. Kwa kawaida Blogger hujaza mlisho kwa machapisho 25, na kila likija jipya moja faili lote linapakuliwa upya. Ukipunguza hadi 5 umepunguza mzigo mara tano. Kwa WordPress unaongeza /feed/ mwisho wa anwani ya blogu, au ya kategoria, na maoni yako kwenye /comments/feed/.

Mlisho wa maoni ni wako wewe zaidi kuliko wanafunzi. Ndani yake unayaona maoni ya karibuni uliyoyapitisha, kwa mfululizo wa tarehe, bila kufungua chapisho moja moja kutafuta nani amesema nini. Sharti kila oni liishie na namba ya mwandishi, kwa mfano kundi5-02, na utasahihisha maoni ya wiki ukiwa kwenye basi.

Kwenye simu za Android ninapendekeza Feeder, programu ya kusoma milisho. Ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na ukishaiweka inahifadhi kila kitu ndani ya simu. Ingia kwenye mipangilio yake: sawazisha mara moja au mbili kwa siku tu, wezesha kuvuta makala kamili pale mlisho unapotoa ufupisho, na picha ziruhusiwe kwenye Wi-Fi peke yake. Mwenye kompyuta shuleni au nyumbani atumie Thunderbird, ambayo pamoja na barua pepe ina sehemu ya milisho na huhifadhi makala kwenye diski.

Usiwaambie wanafunzi waandike anwani za milisho kwa mkono. Mmoja akikosea alama moja, kipindi kimekwisha. Ziandikishe zote kwenye simu yako, kisha utoe faili la OPML kutoka kwenye menyu ya Feeder. Faili hilo ni orodha ya milisho yako tu, halizidi kilobaiti chache, linakwenda kwa Bluetooth toka simu hadi simu. Mwanafunzi analipokea, analiingiza kwenye Feeder yake, na milisho yote inatokea kwa mpigo. Ukiongeza mlisho mwezi ujao, toa faili jipya. Programu yenyewe nayo ipakue mara moja kutoka duka rasmi au F-Droid (duka la programu huria), usambaze kutoka simu yako, badala ya kila mmoja kuitafuta kwenye tovuti asizozijua.

Jambo moja linasumbua sana kwenye Tecno, Itel na Infinix: simu hizo huzima programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa betri. Dalili ni kwamba mlisho hauji mpaka mtu afungue programu kwa mkono. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu Feeder ifanye kazi bila vizuizi. Fanya hivyo pamoja nao darasani, siku ya kwanza.

Nini kiandikwe? Hapa ndipo ninapoomba utumie nguvu zako nyingi kuliko kwenye mashine. Ukiwapa mada "Maji" au "Mmomonyoko wa udongo" utaletewa Wikipedia. Wape kitu ambacho hakipo popote kwenye intaneti mpaka wao wakiandike. Kwa jiografia ya Lubumbashi, kilicho karibu kabisa ni mvua. Mwaka wa masomo unaanza Septemba, ukame bado haujaisha, na mvua huja Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili. Muhula wa kwanza wote unakuwa ni kungojea mvua na kuipokea.

Kipimo kinatengenezwa kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ukuta ulionyooka. Kata pale mabega yanapoishia na ukuta kuanza, geuza kile kipande cha juu na ukiingize ndani kama faneli, mdomo chini. Chini weka vijiwe ili upepo usiiangushe, na kwa kuwa kitako cha chupa si bapa, mimina maji mpaka sehemu iliyonyooka, uchore mstari: huo ndio sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Kwa sababu mdomo wa faneli una upana uleule wa chupa, milimita unazosoma kwenye rula ndizo milimita za mvua, na milimita 1 maana yake ni lita 1 kwa kila mita mraba. Chupa ikae mahali wazi, mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, na mdomo uwe sentimita 30 hivi juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Soma kila siku 07:00, kisha mwaga au ongeza maji mpaka mstari wa sifuri. Kosa la kawaida ni kusahau siku mbili halafu kugawanya kipimo kwa mbili. Wafundishe kuandika "haikusomwa". Namba iliyobuniwa ni mbaya kuliko nafasi tupu, na wakijifunza hilo peke yake mwaka mzima haukupotea.

Chapisho la kundi basi linakuwa na namba 7 za wiki, jina la mtaa bila anwani ya nyumba, sentensi chache za kile kilichoonekana (mfereji gani ulijaa, barabara gani haikupitika, mahindi yalipandwa lini), utabiri mmoja wa wiki inayofuata na sababu yake, na swali moja kwa makundi mengine. Makundi 8 yakikaa katika komuni za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi hapo Lubumbashi, mtaona kwa macho yenu mvua ya saa moja ikinyesha mtaa mmoja na kuuacha wa pili mkavu. Majina ya mitaa na namba yakae ndani ya maandishi, si kwenye picha ya daftari. Picha haitafutiki, na kwenye mlisho ni nzito bure.

Kuhusu lugha, mimi naona rasimu iwe ya Kiswahili, kwa kuwa mwanafunzi huona vizuri zaidi katika lugha anayoongea nyumbani, na chini yake kundi liandike muhtasari wa sentensi tatu au nne kwa Kifaransa. Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itawauliza kwa Kifaransa, na kufupisha jambo unalolielewa tayari ni mazoezi bora kuliko kukariri aya ya kitabu.

Blogu yenu ikishatulia, baada ya mzunguko wa kwanza wa wiki 4, ndipo uongeze milisho ya nje, na iwe michache. Kumi ni mingi mno, mitatu inasomwa. Kwa habari za nchi Radio Okapi inatosha. Kwa somo lako, kuna mlisho mmoja ambao mwalimu wa jiografia hapaswi kuukosa: ule wa matetemeko ya ardhi wa USGS, taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani. Anza na huu wa matetemeko makubwa ya mwezi:

earthquake.usgs.gov/earthquakes/feed/v1.0/summary/significant_month.atom

Upo mwingine unaoishia 4.5_week.atom, wa matetemeko yote ya dunia yenye ukubwa wa 4.5 na zaidi kwa wiki, ila orodha yake mara nyingi hupita mia moja, ni mzito kwa simu ya mwanafunzi. Uchukue wewe, uchuje. Kila tetemeko lina ukubwa, kina, mahali na saa. Saa ni za UTC, kwa hiyo wanafunzi waongeze 2 kupata saa ya Lubumbashi. Ni zoezi dogo la kanda za saa linalojileta lenyewe. Wakiweka nukta kwenye ramani ya ukutani kila wiki, mpaka wa mabamba ya Pasifiki utajichora bila wewe kuuchora. Ikitokea nukta kwenye Bonde la Ufa la magharibi, Kivu au Tanganyika, usimame hapo kipindi kizima. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lililopiga Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8 na liliharibu nyumba Kalemie. Bonde la Upemba, hukohuko Katanga, ni sehemu ya mpasuko uleule. Kwa volkano, taasisi ya Smithsonian ya Marekani hutoa mlisho wa ripoti ya kila wiki, na Nyamulagira na Nyiragongo si wageni humo. Wenye kumbukumbu ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyoitikisa Goma siku zilizofuata, watajua kwa nini ripoti hiyo inasomwa.

Ukimpata mwalimu wa Bukavu anayekubali kupima mvua kwa chupa ileile na saa ileile, badilishaneni milisho. Hakuna haja ya kuunganisha blogu zenu. Yeye anauandikisha wenu, ninyi mnauandikisha wake. Bukavu iko nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta na ukame wake ni mfupi, hasa Juni hadi Agosti. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12, na ukame wenu unaanza Mei na kuendelea hadi Septemba. Mwanafunzi wa Katuba akisoma mwezi wa tisa kwamba wenzake wamepata mvua wakati chupa yake ina vumbi, somo la ukanda wa mvua unaoenda na jua litamwingia kichwani.

Alama uzitoe kwenye kazi za aina mbili. Kwa mzunguko wa wiki 4 weka 20: chapisho 12, maoni 8. Katika zile 12, nne ziwe za vipimo vilivyokamilika na kuandikwa kwa ukweli, tatu za maelezo ya sababu, mbili za kiungo cha chapisho la awali la darasa au chanzo cha nje, mbili za lugha, na moja ya masahihisho waliyofanya baada ya kupata maoni. Oni halipewi alama kama ni "Courage" au "Très bien". Ninasisitiza hili kwa sababu maoni ya pongezi hujaza ukurasa na kuua mazungumzo: aliyepongezwa hana la kujibu. Oni linalohesabiwa linataja sentensi moja ya chapisho, kisha linaipinga kwa kipimo, au linaiunga mkono kwa kipimo, au linauliza swali linalojibika. Sentensi tatu zinatosha. Na wewe mwalimu, jibu chapisho ndani ya saa 48, hata kwa mistari miwili. Katika darasa la blogu, ukimya wa mwalimu ndio unaovunja moyo kuliko alama mbaya.

Kwa wasio na simu kabisa, na kwa wiki ambazo umeme umekatika mtaa mzima, chapisha karatasi. Ukiwa na Thunderbird, machapisho mawili na maoni bora yanaenea kwenye A4 moja, pande mbili. Ibandike darasani Jumatatu na acha nafasi chini kwa maoni ya kalamu. Mwenye simu wa kundi ayapige chapa na namba ya aliyeandika. Rasimu zote ziandikwe kwanza kwenye daftari au kwenye notisi za simu, kamwe si moja kwa moja kwenye ukurasa wa Blogger, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi maandishi yanapotea. Ila wakitoa maandishi kwenye Word wasiyabandike yalivyo. Word huleta alama nyingi za mtindo zisizoonekana, na chapisho la kilobaiti 3 linaweza kufika makumi. Wabandike bila mpangilio, au wateue yote na kubonyeza kitufe cha kufuta mpangilio, ile herufi T yenye mkwaju.

Kuna njia ya kuchapisha kwa barua pepe, nzuri kwa simu dhaifu. Kwenye Paramètres, sehemu ya barua pepe, unatunga neno la siri na Blogger inakupa anwani. Kichwa cha barua kinakuwa kichwa cha chapisho. Weka barua zihifadhiwe kama rasimu, zisitoke papo hapo, maana anwani hiyo ikivuja yeyote anaweza kuandika kwa jina la darasa lako. Tena wanafunzi wafute ile sahihi ya simu inayojiandika chini ya barua.

Mlisho ukigoma, usianze kubadilisha programu. Fungua anwani ya mlisho kwenye kivinjari. Ukiona maandishi mengi yenye alama za mabano, mlisho ni mzima na tatizo liko kwenye simu. Ukiombwa kuingia na nenosiri, blogu imefungwa. Ukipata ukurasa mtupu wa lebo, lebo imeandikwa tofauti na anwani. Kwenye WordPress kuna kosa jingine, la mstari mtupu uliojipenyeza mwanzoni mwa faili kutokana na programu-jalizi. Mlisho unakataliwa wote kwa sababu ya mstari huo mmoja. Anwani ya W3C (shirika la viwango vya wavuti), validator.w3.org/feed, itakuonyesha mstari wenye kosa. Na usishtuke takwimu za blogu zikionyesha wasomaji wachache: wanaosoma kupitia mlisho hawahesabiwi kama waliofungua ukurasa.

Sasa ulinzi wa watoto, nilioahidi. Hakuna majina kamili, hakuna nyuso, hakuna jina la mtaa likiwa pamoja na namba ya nyumba. Zima uwekaji wa mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga, kwa sababu picha hubeba ndani yake latitudo na longitudo za pale ilipopigwa. Wasipige picha askari, vizuizi vya barabarani wala mitambo ya migodi, hata kama viko nyuma ya mfereji wanaoupiga. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa prefe (mkuu) wa shule na wazazi, ueleze kinachochapishwa, kwa jina gani, nani anakagua, na jinsi mzazi anavyoweza kuomba kitu kiondolewe. Pata saini kabla ya chapisho la kwanza, si baada ya malalamiko ya kwanza.

Blogu nayo isikae kwenye akaunti yako peke yako. Mwongeze mwalimu mwenzako kuwa msimamizi wa pili, kwani simu ikiibwa na nenosiri likasahaulika, kazi ya mwaka inafungiwa ndani. Mwisho wa kila muhula pakua nakala ya blogu, uiweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa prefe. Septemba ijayo usifute chochote: darasa jipya liendelee kwenye blogu ileile kwa lebo zinazoanza na mwaka, kwa mfano 2026kundi3, ili vipimo vyao vya Oktoba vipate vya mwaka uliotangulia vya kulinganisha.